Sentensi Niliyoiruka

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na Kifaransa nilikuwa nimejifundisha mwenyewe kwa kamusi iliyopoteza jalada na kurasa zake za mwisho, kwa sababu vita vilikuwa vimefunga shule yetu. Mtu aliyejifundisha mwenyewe huishi akiogopa kugunduliwa. Niliogopa hivyo kuliko nilivyoogopa risasi, mpaka jambo hili liliponipata.

Katika ua wetu pale mtaani Nyakabiga alipanga mama mmoja aliyekimbia mapigano ya Kinanira, mtaa wa kusini mwa mji, na binti yake wa miaka minne. Mtoto hakuweza kukaa. Shingo ilimlegea, miguu ilipishana kama mkasi. Alizaliwa nyumbani, siku ambayo bunduki zilifunga njia ya hospitali, akachelewa kulia. Daktari alimwambia mama kwamba ubongo ulikosa hewa.

Mzee wa duka la jirani alinipa majarida ya zamani ya Kifaransa kabla hajayachana kufungia karanga. Katika moja nilikuta makala kuhusu watoto wa namna hiyo. Watafiti wa ng'ambo walikuwa wakichunguza damu ya kitovu, kwa kuwa ina seli shina, seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Walitumaini kwamba siku moja zingesaidia ubongo ulioumia.

"We mwalimu," yule mama aliniambia, maana ndivyo alivyozoea kunitania, "uniandikie yote mu Kiswahili. Usinifiche kitu."

Niliandika siku tatu. Herufi moja ikipinda, nilianza karatasi upya. Karibu na mwisho ilikuja sentensi ndefu yenye maneno matatu ambayo kamusi yangu haikuwa nayo. Ningeweza kuacha nafasi. Lakini nafasi tupu katikati ya karatasi safi ilinitia aibu kabla hata mtu hajaiona. Nikaiunganisha sentensi ya kabla na ile ya baada, na ukurasa ukapendeza.

Jumamosi nilimsomea.

"Kitovu?" aliuliza.

"Ndiyo, mama. Kitovu."

Alinirudisha pale mara mbili, kisha akaenda kufua nguo za mtoto. Mimi nilidhani amependa mwandiko wangu.

Jumatatu asubuhi aliniwekea binti yake mapajani. "Nishikie mutoto. Sitachelewa."

"Unaenda wapi?"

"Kuchukua kitu yake."

Nilimbeba mtoto mgongoni kwenda kununua sukari ya uji wake. Mzee wa duka alinipokea kwa kelele.

"Ule mama amepanda Kinanira! Ati anaenda kuleta kitovu ya mutoto, iko mu kopo kule nyumbani. Nimemwambia, we mama, huko hata mbwa walishahama! Ananicheka tu. Ati mwalimu ameandika dawa iko mu kitovu."

Kipande cha kitovu, kikikauka na kudondoka, kuna mama wengi wanaokihifadhi mahali pasipokanyagwa. Yeye alikuwa amekiacha katika nyumba aliyoikimbia, na sasa alikifuata kwa sababu ya karatasi yangu.

Kabla sijafika uani, milio ilianza upande wa kusini. Kila bomu lilipolia mtoto alikakamaa mgongoni mwangu, mikono ikiruka. Nilimlaza mkekani, nikafungua jarida. Sentensi ile ile iliyonishinda niliielewa sasa kwa kuisoma polepole, na yale maneno matatu hata sikuyahitaji. Ilisema kwamba damu lazima ichukuliwe mbichi, mara tu mtoto anapozaliwa, na kuhifadhiwa katika baridi kali. Ilisema pia kwamba mpaka wakati huo majaribio yalikuwa yamefanywa kwa panya tu.

Nilikaa nikisikiliza. Nitaandika nilichowaza, kwa kuwa sijawahi kumwambia mtu: niliwaza kwamba asiporudi, hakuna atakayejua kwamba niliruka kitu. Niliwaza hivyo huku nimemshika mtoto wake, nikimpa uji kijiko baada ya kijiko, kwa haraka hata nikammwagia shingoni.

Alirudi saa nane mchana, miguu mitupu, goti likivuja damu. Chini ya kitenge alikuwa na kopo la maziwa ya unga.

"Mwalimu, nimelala mu mufereji kama mulevi!" alisema akihema. "Nyumba haina tena mulango. Lakini kopo iko."

Nilitaka kungoja apumzike. Nilijua nikingoja sitasema kamwe. Nikamsomea sentensi yote, nimesimama.

"Unasema panya?"

"Panya, mama. Na ni damu ya mbichi, siyo kitovu ya kukauka. Niliiruka ile sentensi. Ni mi."

"Sababu gani?"

"Kulikuwa maneno sikujua. Sikutaka karatasi ikuwe na nafasi ya bure."

"Karatasi," alisema. Hakupandisha sauti. Afadhali angenipiga.

Akakaa mkekani kando ya binti yake, kopo mapajani, akafuta uji uliokauka shingoni mwa mtoto kwa ncha ya kitenge. Kule kusini walikuwa bado wanapiga mabomu.

"Na hao panya," aliuliza baadaye, "walitembea?"

Nilipitia makala yote tena, kutoka mstari wa kwanza, nikifuata kwa kidole.

"Hawakuandika, mama."

Alinyoosha mkono bila kunitazama. "Leta uji. Unamupa haraka sana, utamukaba."