Ua la Mtunguja na Upande wa Dirisha

Mume alikwisha mwachia mwenziwe. Hilo lilipita, na kama ni machozi, yalikauka zamani pamoja na nguo za kwenye kamba. Lakini dirisha? Dirisha, Shangazi aliapa, hamwachii mtu, awe amekuja kwa mguu gani.

Shangazi ndilo jina aliloitwa karakanani na wakubwa kwa wadogo, ingawa baadhi yao walimzidi umri. Kazi yake ilikuwa kutarizi mashuka na foronya. Shule hakuiona. Siku ya kuandikishwa watoto, baba yake alisema mbuzi hawajui kujichunga wenyewe, basi kaka zake wakapelekwa kusoma, yeye akapewa fimbo. Kaka hao hao mpaka leo humletea mashati yao awashonee vifungo, na wakishashonewa humshauri namna ya kuishi.

Karakana yenyewe ilikuwa ghala la zamani: chumba kirefu, chembamba, chenye dirisha moja tu huko mwisho, kana kwamba aliyekijenga alikumbuka dakika ya mwisho kwamba binadamu wana macho. Katikati ilisimama fremu ya mbao, ndefu kama kitanda, ambayo juu yake shuka hukazwa hadi likalia kama ngoma ukiligonga. Watarizi wawili hukaa wakitazamana, mmoja kila mwisho wa fremu, wakashona wakisogeleana mpaka wakutane katikati. Anayekaa upande wa dirisha huona. Anayekaa upande wa ukutani hubahatisha.

Shangazi alikaa dirishani tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote. Na sasa macho yalianza kumfanyia visa. Akiwa kivulini, uzi wa buluu na wa kijani ulikuwa kitu kimoja. Mtarizi asiyejua rangi hupelekwa kukunja pindo, na kukunja pindo, kwa maoni yake, ni kazi ya kungojea kufa.

Basi hapo ndipo mwenye karakana, mama mnene mwenye sauti ya upole na maamuzi ya ghafla, waliyemwita Bimkubwa, alipomleta mtarizi mpya. Kijana, mkono mwepesi, meno meupe. Sindano zote zilisimama hewani, kwa sababu karakana nzima ilimjua. Ndiye aliyeolewa na mume wa Shangazi, tena kabla Shangazi hajamaliza kutoa vyombo vyake nyumbani. Shangazi alimpa jina siku ile ile: Mrithi. Alimrithi mume, akarithi kitanda, akarithi na sufuria kubwa, na marehemu mwenyewe yu hai, anatembea.

"Shikamoo, dada," Mrithi alimwamkia.

"Mama yangu alizaa wavulana watupu baada yangu," Shangazi alijibu, akaendelea kushona.

Mrithi akawekwa ukutani. Haukupita muda akaanza kulalamika kwamba kichwa kinamuuma kwa giza. Bimkubwa akamsikiliza kwa upole wake, na Shangazi akaanza kukosa usingizi.

Ndipo akaja mama mmoja anayemwoza binti yake. Alitaka shuka lenye ua ambalo hakuna nyumba nyingine inalo. Waridi alilikataa, asumini alilikataa, na alizeti alisema limeshaenea hata kwenye mapazia ya vinyozi.

"Jamani, nani ana ua jipya?" Bimkubwa aliuliza.

"Mtunguja," alisema Shangazi.

"Upi? Ule wa jalalani?"

"Kwani uko mwingine?"

Wenzake walicheka. Mrithi akacheka pia, kwa adabu, mkono mdomoni. "Dada, bibi harusi si atalala juu ya miiba?"

"Wapo waliolala juu ya miiba wakadhani ni godoro," Shangazi alisema, "na hawajaamka."

Bimkubwa alikohoa. Alimjua Shangazi, akisema ua ni zuri, ni zuri. "Haya. Nusu utashona wewe, nusu huyu. Nusu itakayonipendeza, mwenyewe ndiye atakayekaa dirishani. Na nisisikie maneno baadaye."

Pale karakanani palikuwa na desturi yao. Hakuna aliyejua kuchora. Mwenye ua hulisimulia kwa mdomo, na mwenzake hulishona kwa jinsi alivyolisikia. Kila sehemu iliyokwisha hufunikwa kwa kitambaa safi, jasho la mikono lisiichafue, na pia ili kosa la mmoja lisimwambukize mwingine. Vitambaa hufunuliwa siku ya kukutana katikati. Kwa hiyo Mrithi, aliyekulia kwenye majengo ya ghorofa na hajawahi kuutazama mtunguja mara mbili, alikuwa mikononi mwa Shangazi. Ile michache iliyoota nyuma ya karakana ilikuwa imefyekwa na watu wa usafi. Ulibaki mmoja tu duniani wa kumsaidia, nao ulikuwa kichwani mwa mtalaka wa mumewe.

Siwezi kusema Shangazi hakushawishika. Alipokuwa akiosha vyombo nyumbani alikwisha uandaa mtunguja wa uongo: majani laini kama ya mchicha, ua jekundu, miiba miwili mitatu tu. Nani angemshtaki? Lakini asubuhi alipofungua kinywa, uongo ulimkataa. Utoto wake wote aliumaliza na mbuzi na mitunguja, na kati ya hao wawili mitunguja ndiyo haikumkimbia. Kuisingizia aliona ni kumsingizia ndugu.

"Sikiliza," alisema. "Si mti, si nyasi. Kimo chake kinafika kiunoni kwa mtu mzima. Ni wa ukoo mmoja na biringanya na nyanya, lakini wenzake walipokwenda kuishi bustanini na kumwagiliwa maji, wenyewe ulibaki porini. Kwa hiyo una hasira."

"Hasira nitaishonaje?"

"Utaishona kwa miiba. Shina lina miiba, matawi yana miiba. Tena geuza jani: kwenye mshipa wa katikati, chini yake, pana miiba. Hata kile kikombe kinacholishika ua kina miiba."

"Jani likoje?"

"Pana, kingo zake zinapinda kama pindo lililokunjwa na mlevi. Juu ni kijani chenye vumbi. Chini ni jeupejeupe, lina manyoya ukiligusa, kama mtu aliyejipaka unga akadhani hajaonekana. Usitie kijani kimoja, tia viwili."

Mrithi alikuwa ameacha kutabasamu. Alikuwa akisikiliza kwa mdomo wazi kidogo, vidole vikicheza hewani kana kwamba vinashona. "Na ua?"

Hapo Shangazi aliiweka sindano chini. "Ua ni zambarau. Si zambarau ya kupiga kelele. Ni ile ya nguo iliyofuliwa mara nyingi na bado inapendwa. Petali tano, lakini hazikuachana, zimeshikana kama marinda ya sketi, na ncha zake tano zinachomoza kama nyota. Ni nyembamba, zimekunjamana, ungedhani zimeamka sasa hivi. Katikati, manjano. Vijiti vitano vya manjano vimebanana, vikawa kama mdomo wa ndege. Na ua halitazami jua kama alizeti, halina shobo hizo. Linainama, linatazama chini, kama mtu aliyedondosha sindano."

"Masikini," Mrithi alisema.

"Si masikini. Linatafuta kitu chake." Akaendelea haraka. "Likianguka linaacha ndulele. Mviringo, kijani, ina michirizi myeupe kama tikiti la mtoto la kuchezea. Ikiiva inakuwa manjano kama kiini cha yai, inang'aa, inakuita. Usiitikie. Ni chungu, na ni sumu. Mbuzi wangu walikuwa wakila hata kamba zao, lakini ndulele waliipisha njia. Ni watu tu ndio hudanganyika na vinavyong'aa."

"Hilo la mwisho nalishona pia, dada?"

Mshona foronya wa kona ya mlango alipaliwa na chai. Shangazi mwenyewe alilazimika kuinamia kikapu cha nyuzi mpaka uso wake utulie.

Wakashona. Waliposhona hawakusemezana, isipokuwa "nipe mkasi" na "uzi wako umeingia kwangu." Kila mmoja akafunika alichomaliza, wakasogea, wakasogea, mpaka siku moja saa za mchana vidole vyao vikagongana katikati ya shuka.

Bimkubwa akaitwa. Vitambaa vikafunuliwa.

Kwanza watu waliinamia shuka, wakapendezwa. Nusu ya Shangazi ilikuwa kama alivyotaka. Lakini nusu ya Mrithi! Shangazi aliitazama kama mtu anavyotazama mzani, akitafuta pa kuulaumu, asipate. Kijani cha aina mbili. Mikunjo ya petali. Miiba midogo chini ya jani, pale ambapo hakuna mtu angechungulia. Msichana alishona kila neno aliloambiwa, kasoro lile la watu wanaodanganyika.

Kisha mtu mmoja akasema, "Mbona yamepeana visogo?"

Ni kweli. Maua ya Shangazi yote yaliinamia dirishani. Maua ya Mrithi yote yaliinamia ukutani. Nusu ya bustani ilikuwa kichwa chini.

"Ulisema linatazama chini," Mrithi alisema, akapiga mapaja yake. "Kwangu mimi chini ni huku. Ningejuaje chini yako wewe?"

Shangazi alihisi masikio yanawaka. Hata anayeanza kazi leo hufundishwa kwamba kwenye fremu hapana juu wala chini; pana upande wa mto na upande wa miguu. Yeye ndiye aliyewafundisha hivyo wote mle ndani. Utamu wa kusimulia ulimlewesha.

"Kosa la msimulizi," Bimkubwa alisema kwa upole wake ule ule, nao ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Basi, Shangazi, nusu yako ifumuliwe. Na kuhusu dirisha..."

"Nitafumua," Shangazi alimkatiza. "Sibishi. Lakini nikikaa mwisho huu, itabidi nishone maua yaliyonipa kisogo. Nikikaa ukutani, siifikii nusu yangu. Njia ni moja: tukae sote wawili ubavuni, upande mmoja, kushoto kwake kuwe kushoto kwangu. Na mwanga hautatufikia sote mpaka fremu igeuzwe, ilale sambamba na dirisha."

Wote wakaitazama fremu, kisha dirisha. Ilionekana wazi kabisa, na hakuna aliyewahi kuifikiria.

"Haigeuki," Bimkubwa alisema. "Imepigiliwa misumari sakafuni. Fundi seremala alisema..." Akaishia hapo, kwa kuwa alikumbuka huyo seremala alikuwa mume wa nani na nani.

"Alisema haitoki milele," Mrithi alimalizia polepole.

"Ndiyo kauli yake," alisema Shangazi. "Hata mimi aliniambia, na hatukuwa tukizungumzia fremu."

Mrithi alimtazama. Kicheko kilimtoka kabla hajakipa ruhusa, na safari hii hakuweka mkono mdomoni. Alicheka mpaka akashika mbao. "Basi hiyo ni ya kila mtu," alisema akijifuta macho. "Mimi juzi ameniambia tena, akiwa anavaa viatu atoke."

Shangazi hakuuliza alikuwa akitoka kwenda wapi. Alijua njia zile. Lakini asingekuwa mkweli kama angesema moyo wake haukufurahi. Ulifurahi kidogo, kisha, kwa mshangao wake mwenyewe, ukamwonea yule msichana uchungu kidogo, kisha ukarudia kufurahi.

Wakaleta nondo. Shangazi akashika huku, Mrithi akashika kule, mshona foronya akahesabu kwa sauti kama wabeba mizigo, wakasukuma. Misumari ilitoka bila hata kulia, wakanusurika kuanguka. Mrithi aliokota mmoja, akauinua kwenye mwanga.

"Kumbe mifupi," alisema.

Bimkubwa akageuka kutazama ukuta, mabega yakimtikisika.

Fremu ikalazwa chini ya dirisha kwa urefu wake. Mwanga ulimwagika juu ya shuka lote, na Shangazi akauona uzi wa buluu ukiwa buluu na wa kijani ukiwa kijani, hata pale mwisho kabisa. Akaanza kufumua nusu yake, akinung'unika kila uzi unaotoka. Urafiki haukuwapo, na sufuria kubwa haikurudishwa, na hakuna aliyeitaja. Mrithi alivuta kigoda chake akakaa kushoto kwake, karibu mno.

"Dada, kiwiko."

"Kiwiko changu kimekuwa hapa miaka yote. Sogea wewe."

"Nikisogea natoka kwenye mwanga."

"Mimi je?"

Hakuna aliyesogea. Wakashona hivyo hivyo, wamebanana kama vile vijiti vya manjano, na kila mmoja akilaumu mkono wa mwenzake.