Koti la Shemasi na Vifungo vya Keziah

Saa mbili asubuhi, Keziah Thorne ameketi mlangoni pake na kisu kidogo mkononi, anakata vifungo vya koti alilolimaliza jana. Ni koti jipya la sufu, limetiwa rangi ya kahawia kwa maganda ya kokwa za jozi. Saa sita mchana mwenyewe anakuja kulichukua, na sasa linabaki bila hata kifungo kimoja.

"Nilivitoa kwenye koti la marehemu mume wangu," anasema bila kuinua macho. "Nilitaka na yeye awemo. Kumbe nyuma vimeandikwa London."

Aliyeyaona maandishi hayo ni jirani yake, Thankful Doane, aliyekuja kulitazama koti. Thankful alicheka mpaka akakaa chini. Keziah hakucheka. Sasa anachukua pembe ya ng'ombe na msumeno, anaanza kuchonga vipya.

Keziah, mjane wa miaka arobaini na minne, ndiye mfumaji wa Stonefield, hapa Massachusetts, koloni la Mwingereza. Siku njema hufuma yadi nne, kila yadi kwa peni sita. Lakini kwa koti hili hakuomba hata peni moja, kwa sababu koti hili ni heshima ya mji mzima.

Mwaka jana mjumbe wetu, Shemasi Elnathan Peck, alisimama katika baraza la jimbo huko Boston kupinga ushuru wa chai, karatasi na vioo. Alisema vizuri mno: bunge la London halina mtu wetu hata mmoja, basi linatutozaje? Mtu mmoja wa upande wa gavana akamuuliza kwa upole koti lake limetoka wapi. Lilikuwa limetoka London. Baraza zima likaangua kicheko, na Shemasi akarudi nyumbani kichwa chini.

"Nilimwambia ukweli," anasema Keziah. "Shemasi, umekwenda kumkana Mwingereza huku umemvaa mwili mzima."

Mkutano wa mji ukaamua kwamba hakuna atakayenunua tena kitambaa cha Uingereza. Wanaume walionyoosha mikono siku ile hawajui hata gurudumu la kusokotea linashikwaje. Kazi ikawaangukia wanawake. Nyumba kumi na moja zilileta sufu, majira yote ya baridi wakasokota, na Keziah akafuma huku Thankful akimsomea magazeti na vijitabu vya hoja za haki. Ukiwasikiliza wanawake hawa wakibishana juu ya ridhaa ya mlipa kodi, utaona fahari kuwa mtu wa Stonefield.

Saa sita kamili Shemasi anafika, farasi wake amepakiwa mizigo tayari kwa safari ya Boston. Anavaa koti. Linamkaa vyema, na mzee wa watu anashindwa kuficha furaha yake.

Anahesabu vifungo. Ni kumi, na matundu ni kumi na moja.

"Mama Keziah, kimoja kimekosekana."

"Hakijakosekana, Shemasi. Ninacho mfukoni."

Keziah anamkumbusha kwamba tangu afiwe, miaka sita sasa, hulipa kodi ya mji kwa shamba lake, na mtoza kodi hajawahi kuusahau mlango wake. Siku ya mkutano wa mji ndipo yeye husahauliwa.

"Unasema anayetozwa bila kuulizwa anaibiwa. Nimekuelewa sana, Shemasi, nimelifuma neno hilo majira yote ya baridi. Sasa mimi nani ananiuliza?"

Shemasi anacheka kidogo, kisha anaacha. Anatazama koti, anatazama mikono ya mjane iliyochubuliwa na pembe.

"Mambo hayo ni ya mkutano wa Machi," Shemasi anasema mwishowe. "Nitalitaja jina lako, nawe upige kura. Kukubali ni kwao."

"Basi kifungo kinangoja Machi. Nitakuja nacho mkutanoni, na sindano, nikishone mbele yao."

"Na kule Boston wakiniuliza kwa nini koti halijakamilika?"

Keziah anamkung'uta vumbi begani, kama angemkung'uta mumewe.

"Waambie sababu, Shemasi. Si unakwenda kusema habari hizo hizo?"