Viatu vya Kumtokea Mkwe

Gozbert wa Kahororo ni bodaboda mjini Bukoba, na kwa miguu yake mwenyewe mara ya mwisho kukimbia alikuwa anamkimbia trafiki. Lakini alishamwambia mchumba wake, Restituta, kwamba enzi za shule alikuwa hashikiki. Restituta, binti wa watu kutoka Izigo, akaamini. Akamwandikisha mbio za vijana wa usharika wao, akawatangazia wanakwaya wenzake wasubiri waone, maana walishazoea kumcheka: mwanaume gani huyo wako, kazi yake kukaa kwenye pikipiki. Masharti yalikuwa mepesi. Akiingia hata watano bora, wiki inayofuata alete wazee wake nyumbani.

Heri Restituta angeishia hapo. Akaongeza kwamba tata, yaani baba yake, mzee Kahangwa, atakaa kiti cha mbele pale mwisho.

Mtu mwingine angewaza mazoezi. Gozbert aliwaza nguo. Kwao mkwe hatokewi ovyo, na anayeposa hasimami mbele ya mzee mapaja nje kama katoka kuoga ziwani. Basi Jumamosi, wenzake wanarukaruka na bukta zao, yeye akashuka Izigo na suruali ya kitambaa, shati la mikono mirefu, na viatu vyeusi vya ngozi vyenye ncha, vimepigwa kiwi hadi unajiona. Rafiki yake Najibu, aliyemleta kwa pikipiki, alikuwa kamwazima raba nzuri kabisa. Zilibaki zinaning'inia kwenye usukani.

Filimbi ikalia. Kwenye lami alijitahidi, ko, ko, ko, kama mwalimu mkuu anakuja darasani. Njia ilipokata kuingia vibanjani, kwenye mashamba ya migomba, mvua ilikuwa imeacha utelezi wake. Akaanguka mara ya kwanza kwa heshima, mara ya pili bila heshima. Mama mmoja aliyekuwa anapalilia migomba akampa pole, akamuuliza msiba uko kwa nani.

Najibu alikuwa anamfuata taratibu na pikipiki.

"Vaa raba, bwana. Mzee hayupo huku."

"Na mashangazi zake? Huku kila mgomba una shangazi."

"Basi kimbia peku."

"Nifike peku kwa baba mkwe? Bora nirudi Kahororo."

Kufika alifika. Washindi walishapewa zawadi, walishakunywa soda, wengine walishaoga. Soli ya kulia ilikuwa imebanduka, inampigia makofi, na hakuna mwingine aliyempigia. Restituta alikuwa katikati ya kwaya anatazama majani. Gozbert akachomekea shati, akainama mbele ya mzee, akamsalimia kwa Kihaya cha heshima zote.

Mzee Kahangwa akamkagua kuanzia kola mpaka matope.

"Tangu asubuhi vijana wananijia hapa nusu uchi, wananipa mikono ya jasho," akasema. "Huyu angalau kaja kama mtu. Wazee wako nawasubiri wiki ijayo."

Gozbert nusura alie. Akachechemea hadi kwa Restituta, akamwambia mambo yameiva, tata kakubali.

"Nimesikia," Restituta akasema. "Hongera. Sasa umwoe yeye."

Wiki iliyofuata wazee walikwenda Izigo. Walipokelewa vizuri mno, wakatafuna punje za kahawa za kukaribishia wageni, wakanywa rubisi, pombe ya ndizi, mzee Kahangwa akasifia sana malezi ya kijana wao. Akaagiza binti aitwe. Akaambiwa binti yuko mazoezi ya kwaya, na kaacha ujumbe wasimngoje.