Kabichi Zisizo na Tundu

Nakumbuka nilisikia kabla sijaona: mbuzi akikoroma nyuma ya jiko, kama mtu anayesaga meno usingizini.

Jumapili ile, mwanangu, mama mkwe alikuwa amekuja Igoma kutoka Busisi, ng'ambo ya ziwa, kumwona mjukuu wake, dada yako mkubwa, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutembea. Nilitaka aone kwamba hata mke wa mjini anajua kulima. Kabichi zangu za uani zilikuwa zimefunga vizuri, jani halina tundu.

"Viwavi wa Igoma wamefunga Kwaresima?" aliniuliza. Nikacheka tu.

Siri ilikuwa kwenye chupa ya soda. Biashara ilikuwa imefunguliwa, kila mtu ruhusa kuuza, na mnadani dawa ya kuua wadudu wa pamba ilipimwa kama mafuta ya taa, bila karatasi wala maelezo. Nilinyunyizia Ijumaa. Jumapili nikakata, nikapika, majani ya nje nikamtupia mbuzi.

Nilipochungulia, povu lilikuwa likimtoka, miguu ikipiga chini. Nikakimbilia ndani. Bibi yako alikuwa amepoza tonge la ugali na kabichi, vidole vimefika mdomoni mwa mtoto. Niliupiga mkono wa mama mkwe, mwanangu. Mimi! Kabichi ikaruka hadi ukutani.

"Wewe Nyamizi! Unanipiga?"

"Mama, usimpe! Nimeweka dawa ya pamba!"

Alimfungua mtoto kinywa, akachungulia. Hakikuwa na kitu.

Ngoja nikuusie kwanza, maana nikimaliza kisa hiki sitaweza kusema tena. Panda miche kwa nafasi. Mwagilia asubuhi, shinani. Geuza majani kila siku, viwavi uwatoe kwa mkono. Ukilazimika kununua dawa, iwe ya mboga, yenye maelezo, na siku zilizoandikwa uzingoje zote. Jani lenye tundu lioshe ule, usilionee aibu. Mungu aibariki bustani yako, na kila atakayekula kwako aamke salama.

Basi, bibi alimnawisha mtoto mikono mara tatu, akambeba mgongoni, akajifunga kanga.

"Mama, nisamehe."

"Kiwavi ungemtoa kwa vidole, binti. Sumu hii ungeitoa kwa kitu gani tumboni mwa mtoto?"

Akatoka na dada yako mgongoni, akaufunga mlango nyuma yake, taratibu.