Mpiga Pasi Ajaribu Kisomeo

Mpiga pasi alikishika kile kibao kwa ncha za vidole, kama anavyoshika shati la mteja mwenye maneno mengi. Akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele. Usoni kilikuwa na picha ya mlima, nyeusi na nyeupe, imetulia tuli, haiwaki wala haimeti. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu kwa dobi. Kila nguo inayoingia pale hubandikwa kikaratasi cha namba, na kabla haijatoka yeye ndiye hukibandua. Basi akalowesha kidole kwa ulimi, akaanza kuikwangua pembe ya mlima kwa ukucha.

"Dada, unafanya nini tena?" muuza simu akakivuta kwake.

"Naibandua hii karatasi nione kioo."

"Hicho ndicho kioo chenyewe."

Hakuamini. Muuza simu, mtu mzima mwenye ndevu zilizoanza kuota mvi, akabonyeza kitufe. Kibao kikapepesa weusi mara moja, mlima ukayeyuka, maandishi yakajitokeza mahali pake. Akamweleza kwamba kisomeo, yaani chombo cha kusomea vitabu, si kama simu. Hiki cha bei ya chini hakina taa ndani, kinataka mwanga wa nje kama kitabu, na ndiyo sababu hakichomi macho na chaji yake inakaa wiki nzima na zaidi. Kilikuwa kimeshatumiwa na mtu, pembe moja imechubuka. Vipya viko, akasema, ila bei yake usiulize.

Hata hiki kilichochubuka kilikuwa sawa na karibu mwezi mzima wa kusimama juu ya miguu iliyovimba. Mpiga pasi hakuwa na mwezi mwingine wa kutupa. Alishatupa mingi.

Watu hununua vitu vile wapate hadithi za kupitishia muda. Yeye alikuwa na karatasi moja. Ilikuwa nakala ya mkataba, amekaa nayo miaka kumi na moja ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya godoro, na ilikuwa na alama ya dole gumba lake. Wazazi walikuwa na uwezo wa kusomesha mtoto mmoja, wakamsomesha kaka yake. Yeye akabaki kumgeuza mama kitandani, kumwogesha na kumlisha, hadi siku mama alipokata roho. Hata arobaini haijatimia, kaka akaja na karatasi na kidau cha wino. Akamsomea kwa sauti nzuri, pole pole, kwamba nyumba ile ya vyumba viwili ni yao wote na hakuna wa kumtoa mwenzake. Akaweka dole. Miezi mitatu baadaye alikuja mwanamke asiyemjua, aliyeuziwa nyumba na kaka, ana utepe wa kupimia, anapima madirisha apate kushona mapazia. Ndiye aliyemwonea huruma akampa ile nakala.

Tangu hapo wengi walimwambia lete nikusomee. Kila aliyesema hivyo, yeye alimtazama mdomo, akaukumbuka mdomo mwingine, akasema ahsante, acha tu. Alijiandikisha darasa la watu wazima, jioni tatu kwa wiki, amekaa kwenye dawati la mtoto magoti yakimgonga kidevuni. Mwaka wa pili akawa anasoma ubaoni bila kukwama sana. Lakini karatasini herufi zilimchezea. Mvuke wa pasi ulikuwa umeshamla macho, na miwani aliyonunua barabarani ilimsaidia kuona makunyanzi ya kola tu. Mwalimu ndiye aliyemwambia kuna kifaa kinachokuza maandishi. Mfuaji mwenzake akamcheka hadi akashika kiuno. Kwa umri huu unataka kuwa hakimu? Nunua kanga, shoga, angalau itakusitiri.

Muuza simu akafungua kitabu, akaanza kumsomea ili aone jinsi kinavyopendeza. Mpiga pasi akaweka kiganja chake juu ya kioo.

"Usinisomee."

"Nakuonyesha tu, dada. Mimi kaka yako, nitakudanganya?"

"Kaka ndiye ajuaye pa kunidanganyia. Nipe mwenyewe."

Akaomba kigoda, akakaa mlangoni kwenye mwanga. Yule bwana akamkuzia herufi hadi zikawa kama punje za maharage, mistari sita kwa ukurasa, akarudi kwa wateja wake. Mpiga pasi akasoma. Kidole kikifuata, midomo ikicheza bila sauti. Ilikuwa habari ya mtu anayefuga nyuki. Kila akigeuza ukurasa kibao kilipepesa weusi na kusubiri, kizito kama mtu aliyeamshwa. Mara mbili kiliruka kurasa mbili kwa mguso mmoja akapotea. Vitabu vya lugha yake vilikuwa vinne tu, na vingine chungu nzima vya lugha za watu. Lakini macho hayakumtoka machozi. Alifika mwisho wa sura ya kwanza, akaanza ya pili, ndipo akagundua kwamba mgongo unamuuma na kwamba ameshajua nyuki hutulizwa kwa moshi, na hakuna aliyemwambia.

Ndipo akautoa mfuko wa plastiki.

Muuza simu akaipiga karatasi picha kwa simu yake, akaiingiza kwenye kibao kwa waya. Ikatokea nzima, herufi ndogo kama sisimizi. Akajaribu kuzikuza kama alivyofanya kwenye kitabu, zikakataa. Akakuna ndevu, akakiri kwamba picha si kitabu. Inaweza kuvutwa ikakua, lakini kipande kwa kipande, na chombo hiki ni cha bei rahisi, kitamchosha.

"Mimi nimeshachoka," mpiga pasi akasema. "Nionyeshe pa kuvutia."

Alianza saa nane na ushei. Anavuta kipande, anasubiri kipepese, anasoma maneno matatu, anavuta kingine. Wateja walimruka miguu wakiingia. Jina lake alilikuta, akalitazama kitambo, maana hakuwa amewahi kuliona kwa herufi za mashine. Halafu *hiari*. Halafu *zawadi*. Akarudi nyuma kuhakikisha. Ndiyo, zawadi, kwa kaka yake, nyumba na kiwanja chake. Hakushtuka, alikuwa ameshapimiwa mapazia. Akaendelea hadi chini, hadi juu ya dole lake lenyewe, jeusi, limetanuka kuijaza nusu ya kioo. Hapo paliandikwa: *Nimesomewa, nimeelewa, nimekubali.*

Akausoma mstari ule mara ya pili. Miaka yote hiyo alidhani kaka aliruka maneno, au alibuni. Kumbe karatasi yenyewe ilisema kwamba amesomewa, na mstari huo kaka aliusoma kimoyomoyo, yeye ameketi mbele yake na dole lenye wino, anamshukuru.

Hakulia. Alijinyoosha kiuno, akauliza saa. Ilikuwa inakaribia kumi na moja.

Muuza simu alikuja taratibu, akauliza kama amepata alichokitaka. Mpiga pasi akasema amepata. Kisha akamhesabia makosa ya mali yake bila haraka: kizito, kinaruka, karatasi hakiiwezi, pembe imechubuka, vitabu vinne. Yule bwana akasubiri aombwe kushusha bei. Mpiga pasi hakuomba. Akafungua fundo la leso, akamwekea mezani kiasi kilekile alichotajiwa.

"Hiyo karatasi itoe humo," akasema. "Nimeshaimaliza. Usiniachie humo ndani."

Muuza simu akaifuta mbele ya macho yake. Akamwuliza amwekee nini afungue nacho. Mpiga pasi akasema amrudishe kwa yule wa nyuki, sura ya pili, na asipunguze ukubwa wa herufi. Alisoma mistari sita pale pale, amesimama, kisha miguu ikamshinda akakitia kwapani akaenda zake.