Siku Niliyofungua Mtego wa Ayoni

Mtego wenyewe ungetoshea juu ya meza ya jikoni. Nilikuwa mwanafunzi ughaibuni, binti wa mfugaji wa Kemambo, wilayani Tarime, na ile ilikuwa siku yangu ya mwisho kuutumia. Kama nisingetoa ayoni hata kundi moja, nafasi yangu angepewa mwingine, nami ningerudi Tarime mikono mitupu.

Ndani ya mtego, mahali palipoondolewa hewa, mkondo mwembamba wa elektroni huzigonga atomi za gesi ya agoni na kuzivua elektroni zake, moja baada ya nyingine, zikawa ayoni. Kadiri zinavyovuliwa ndivyo chaji yao inavyozidi. Volteji kwenye ncha mbili za mtego huzizuia zisitoke. Agoni ina elektroni kumi na nane. Mimi nilitaka zilizovuliwa kumi na sita. Mara nyingi nilisahau hata kula, kwa kustaajabu kwamba jambo kubwa hivyo linatendeka pale, karibu na kiwiko changu.

Asubuhi nzima skrini haikuonyesha kitu. Msimamizi wangu, mama mmoja asiye na maneno mengi, akataka aone ninavyofungua. Nikashusha volteji ya lango, ile ncha ya kutokea, kidogo kidogo. Akauliza nani alinifundisha hivyo. Nilicheka kwa aibu, maana alikuwa tata, baba yangu. Kwetu miti ya mlango wa zizi huchomolewa mmoja mmoja, ng'ombe watoke bila kuumizana pembe. Kumbe kwa kufungua hivyo ayoni zangu zilikuwa zikivuja chache chache na kupotea bila kuonekana.

"Angusha yote mara moja," akasema.

Nikaangusha. Mstari, alama ya kundi la ayoni, ukasimama wima kwenye skrini, palepale tulipokuwa tumekokotoa. Nililia, wala sioni haya kusema.

Nilipokuja likizo Kemambo nilimsimulia tata haya yote tukiwa tumekaa uani. Nafasi yangu, ambayo sikunyang'anywa, hakuiulizia. Aliuliza zile zilizovuliwa ziliishia wapi. Nikamwambia ziligonga bamba la chuma la kuzipokea, zikachukua elektroni za lile bamba, zikawa agoni ya kawaida.

"Kwa hiyo zinavaa za huko zilikofikia," alisema. "Si za kwao."

"Ndiyo, tata."

Alizitazama nguo nilizokuja nazo. Kisha akaniuliza naondoka lini.