Kaliba ya Pofu

Wiki iliyopita nilikuwa mjini, katika chumba cha kungojea usaili, na dada aliyekaa kando yangu akafungua jarida jipya. Harufu ya gundi na wino wa karatasi zinazong'aa ilinifikia kabla sijaona hata picha moja. Nilijikuta uani kwetu Kimandolu, Jumapili baada ya ibada, nina miaka kumi na mmoja, nimepiga magoti mkekani na mbele yangu kuna orodha ya bunduki iliyotoka Marekani, kitabu kizima cha picha na bei.

Ulikuwa ule wakati wa maduka kujaa ghafla. Sabuni zilinukia matunda, soda zilikuja kwenye makopo, na watu walisimama madirishani kutazama tu. Wakati huohuo kiwanda alichofanyia kazi baba kilipunguza watu, naye akapunguzwa. Neno hilo lilinisumbua. Kwa siku kadhaa nilimtazama kwa siri nione ni sehemu gani yake iliyopungua.

Baba alikuwa mtunza stoo, mtu aliyeishi kwa kulinda vitu vya wengine. Alipokaa nyumbani ndipo alipotoa jambo ambalo kumbe alilibeba tangu ujana: alitaka kuwinda pofu, yule mnyama wa jamii ya swala aliye mkubwa kuliko wote. Pofu mmoja tu, dume, kwa leseni halali na bunduki yake mwenyewe. Babu yangu wa Akheri aliwabebea wazungu bunduki miaka mingi katika nyika za nyuma ya Mlima Meru, na hakuruhusiwa kupiga hata kanga.

"Ukoo huu umebeba bunduki mpaka umechoka," baba alisema. "Mimi nitapiga mara moja tu, kisha nirudi zangu kwenye migomba."

Kiinua mgongo chake kingetosha bunduki moja, si mbili. Kwa hiyo ilibidi asikosee.

Orodha ile ililetwa na jirani yetu Mzee Bakari, mtu wa Kondoa, aliyewaendesha wageni wawindaji kwa miaka ishirini. Mgeni mmoja aliisahau garini. Mzee Bakari hakuwa na haja nayo, maana jibu alikuwa nalo kichwani. Alitufundisha kwamba kaliba ni upana wa tundu la mtutu, na kwamba wenye kazi yao huzitaja kwa namba.

"Chukua thelathini sufuri sita, Baba Eli," alisema. "Risasi zake zinapatikana, bega lako litapona, na pofu atalala. Usimwulize pofu kama ameridhika."

Baba akakubali. Alijaza fomu ya kuomba kumiliki bunduki kwa mwandiko wake mzuri wa stoo, na mahali pa kaliba akaandika namba ile. Ilibaki kuipeleka Jumatatu. Jumapili ile akasema, "Hebu Eli asome kwanza." Nilikuwa wa kwanza darasani katika Kiingereza, na nyumbani kwetu hilo lilikuwa jambo kubwa kuliko mvua.

Nikasoma. Kulikuwa na jedwali, upande mmoja wanyama, upande wa pili kaliba. Pofu hakuwamo. Kulikuwa na dubu, na mnyama aitwaye elki, ambaye kamusi ya shule ilisema ni kama swala mkubwa sana wa nchi za baridi. Thelathini sufuri sita ilikuwa imeandikwa mbele ya elki. Nikafungua kitabu cha wanyama nilichoazima kwa mwalimu, nikalinganisha uzito.

"Baba," nikasema kwa sauti ya mwalimu wangu, "hii ni ya elki. Pofu mmoja ni elki wawili."

Wenzangu, nitawaambia nisichowahi kumwambia mtu. Siku mbili kabla, nilimsikia Mzee Bakari akisimulia habari za mwindaji aliyemfuata nyati aliyejeruhiwa hadi kichakani, akarudishwa amefunikwa blanketi. Tangu hapo sikula vizuri. Nilifikiria nyati, nikafikiria nyoka, nikafikiria baba amepotea na kiu. Kwa hiyo nilipoinamia jedwali lile, sikuwa natafuta bunduki. Nilitafuta sababu ya baba kubaki nyumbani. Sikusema uongo. Nilichagua tu ule ukweli ulioweza kumzuia.

Mzee Bakari alicheka hadi akakohoa. "Binti, huyo elki wako simjui. Wageni wangu wanawaangusha pofu kwa hiyohiyo!"

"Kitabu kinasema," nilijibu.

Baba alimtazama rafiki yake, kisha akanitazama mimi. Akaikunja fomu mara mbili. "Kitabu kinasema," akarudia taratibu.

Mama, aliyekuwa akikoroga loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, hakugeuka. "Mchagua jembe si mkulima," alisema ndani ya mvuke.

Ndipo tukaanza kuchagua. Tulikwenda mara kwa mara kwenye duka la bunduki, na siku moja baba akajaribu begani tatu sabini na tano, bunduki nene ya kuulia nyati. Muuza duka, mzee wa Kihindi, alikuwa amekwisha kutuzoea.

"Mzee, mke ulichagua kwa siku ngapi?"

"Alinichagua yeye," baba akajibu, "ndiyo maana haikuchukua muda."

Lakini Jumapili iliyofuata nilisoma ukurasa wa namna bunduki kubwa inavyopiga bega, hata mpigaji akafumba macho kabla ya risasi kutoka. Tukaiacha. Tukahamia mia tatu. Nikagundua kwamba risasi zake ni adimu. Na kila kaliba ilipobadilika fomu ilianza upya, kwa mjumbe wa nyumba kumi, kisha kata, kisha polisi.

"Baba Eli," mjumbe alilalamika, "wino wa muhuri wangu utakwisha kwa ajili ya pofu ambaye hajazaliwa."

Msimu wa kuwinda ulifunguliwa mwezi wa saba. Mwezi wa tisa kurasa za orodha zilikuwa zimeanza kuchomoka. Nami nilikuwa na furaha, maana kila Jumapili baba alikuwa mkekani pangu, mzima, akiniuliza.

Mwezi wa kumi Mzee Bakari alikuja akakataa kuketi. Nilimpa shikamoo, akasahau kuitikia.

"Kule nyuma ya mlima pamegawiwa," alisema. "Ni kitalu cha uwindaji cha kampuni sasa. Kampuni yetu, hii ninayoiendeshea wageni. Wenyeji hawataandikiwa leseni kule tena."

"Tangu lini?"

"Wiki iliyopita." Alizungusha kofia mikononi. "Wanatafuta mbeba bunduki, Baba Eli. Nimetaja jina lako."

Kiinua mgongo kilikuwa kimeanza kuliwa. Baba akaenda.

Alirudi karibu na Krismasi, mweusi kwa jua, na vipande vya nyama kavu ya pofu. Ilikuwa ngumu, ina chumvi na moshi. Nilijaribu kunyamaza, nikashindwa, nikamuuliza mgeni alitumia kaliba gani.

Baba alinikatia kipande kingine. "Thelathini sufuri sita. Risasi moja. Mama wa makamo, mwenye miwani."

Hakukasirika. Angekasirika ningejua pa kuomba msamaha.

Kwa miaka mingi, hata nikiwa chuo kikuu, niliamini kwamba nilimdanganya baba kwa hofu zangu, naye akadanganyika. Mwaka jana mama alinisahihisha, tukimenya ndizi. Alisema jioni ileile ya elki, Mzee Bakari alimwambia baba kwamba mtoto amekosea. Baba akajibu kuwa anajua. "Lakini nikimwambia amekosea na kitabu kiko mkononi," alisema, "ataogopa kufungua kingine. Nitampa wiki moja."

Alidhani ni wiki moja. Hakujua kwamba nikiachiwa wiki, nitapata la kuuliza kwa wiki ya pili.

Huu ni mwaka wa pili tangu nihitimu. Mwezi wa saba, kabla sijaitwa kwenye usaili wowote, baba aliondoka tena. Ana miaka zaidi ya sitini, na mgongo wake umeanza kupinda upande ule wa mkanda wa bunduki. Gari la kampuni lilipokuwa likipiga honi aliniuliza kama ile kazi niliyoiona gazetini nimeiomba. Nikamwambia bado, ninayasoma masharti.

"Soma tu, mwanangu," akasema, akapanda nyuma.